Mgomba Mmoja, Mbinu Sita: Mwongozo kwa Anayejifunza Kuchora

Wengi wanaoanza kuchora hapa Moshi huanza na Mlima Kilimanjaro, na siwalaumu. Ukitoka nje saa kumi na mbili asubuhi ukaikuta Kibo iko wazi, barafu yake ina wekundu wa mbali, Mawenzi imechongoka upande wa kulia, mkono wenyewe unatafuta penseli. Shida ni kwamba Mlima hausubiri mtu. Ikifika saa tatu wingu limeshaufunika, na ukirudi na rangi zako unaishia kuchora ulichokumbuka badala ya unachokiona. Anayejifunza anahitaji kitu kinachokaa pale pale, jua na mvua, ili alichokosea leo akikute kesho akisahihishe.

Mimi nilichagua mgomba. Kazi yangu ni ushonaji. Kutwa niko barazani na cherehani, na kuchora nakufanya alfajiri kabla ya kufungua kazi, na Jumapili nikipanda Uru nyumbani. Nyuma ya jiko la mama kulikuwa na mgomba mmoja wa aina ya mshare, kando ya mfongo, ule mfereji wa kunyweshea kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Nimeuchora kwa zaidi ya mwaka, kwa kila rangi niliyoweza kuipata. Ushauri wangu mkubwa ni huo: usibadilishe unachokichora, badilisha unachochorea. Kitu kikiwa kile kile, utaona wazi kila mbinu inakupa nini na inakunyima nini.

Kama unadhani mgomba ni kitu kidogo mno, mkumbuke Sam Ntiro. Alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere kisha shule ya sanaa ya Slade mjini London, na baada ya Uhuru akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Muda wote huo alichora maisha ya kijijini kwao. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Elimo Njau naye, wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1932, alichora ukutani mwa kanisa kule Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu yakiwa katika mazingira ya Kiafrika. Hawa ni watu wa vihamba hivi hivi tunavyopita kila siku tukienda kukata majani ya ng'ombe.

Kwanza, siku tatu za kutazama

Usinunue kitu bado. Chukua kigoda, kaa hatua tano hivi kutoka kwenye mgomba uliouchagua, na utazame kwa nusu saa. Siku ya kwanza nenda asubuhi na mapema, ya pili saa sita mchana, ya tatu saa kumi na moja jioni. Beba karatasi na kalamu tu, na uandike rangi unazoziona kwa maneno yako mwenyewe. Usichore.

Siku ya kwanza jirani yetu mzee alisimama njiani na mzigo wake, akaniuliza, "Mwanangu, umepotelewa na nini hapo?" Nikamjibu, "Shikamoo babu, natazama majani." Akaitikia marahaba, akatazama juu na yeye kidogo, akasema, "Hilo la tatu limechanika vibaya," akaendelea na safari yake. Na kweli, jani la tatu ndilo lililonifundisha kuliko mengine yote.

Jani la mgomba halina kijani kimoja. Jua likiwa nyuma yake, mwanga unapita ndani na jani linakuwa na njano iliyochangamka, kama limau linaloanza kuiva, na mishipa yake inaonekana moja moja, kama nyuzi za kitambaa ukikiinua dirishani. Jua likilipiga kwa juu, jani lile lile linang'aa weupe wenye bluu, kwa sababu linaakisi anga. Ukijani wenyewe unabaki pembeni tu. Upande wa chini una ungaunga mweupe unaoficha mng'ao. Sasa upepo ukishalichana, kila kipande kinaning'inia kwa pembe yake na kupokea mwanga wake. Ndiyo maana kwenye jani moja utakuta kipande cha njano, cha pili yake cha bluu, cha tatu karibu cheusi. Asiyeliona hilo atapaka jani zima kijani kimoja halafu atashangaa kwa nini mgomba wake umekaa kama wa plastiki.

Mbinu ya kwanza: mkaa

Anza na mkaa kwa sababu unakunyima rangi. Unabaki na mwanga na kivuli peke yake, na hapo ndipo picha inaposimama au kuanguka.

Mkaa wa jikoni ni mgumu, unakwaruza karatasi. Tengeneza wako. Tafuta vijiti vikavu, vyembamba kama penseli na visivyo na mafundo, uvibandue maganda. Vipange vibanane ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa bati. Toboa mfuniko tundu moja kwa msumari, kisha liweke kopo juu ya jiko la mkaa linalowaka vizuri. Moshi utatoka kwenye tundu. Ukikoma kabisa, ipua, na usifungue mpaka kopo lipoe; ukifungua lingali la moto, hewa itaingia, vijiti vitashika moto na utabaki na majivu.

Karatasi ya manila inafaa kwa kuanzia. Finya macho mpaka usione mishipa wala michaniko, uone mabonge tu ya giza na mwanga. Weka mabonge hayo kwanza kwa ubavu wa kijiti. Halafu chukua kipande cha mkate wa jana, kile cha ndani kilicho laini, ukitumie kama kifutio kuvuta mwanga kutoka kwenye giza: uti wa jani, ukingo wake, ile mistari ya jua kwenye gogo. Ukimaliza, nyunyiza spre ya nywele kwa mbali ili unga wa mkaa ushike. Chora kumi za hivi kabla ya kugusa rangi yoyote. Kumi, hata kama ya tatu imekupendeza.

Mbinu ya pili: kahawa

Kwenye kihamba kahawa huota chini ya kivuli cha mgomba, kwa hiyo kuuchora mgomba kwa kahawa kuna haki yake. Mbinu yenyewe ni rahisi. Tumia kahawa inayoyeyuka yote. Ile ya kuchemsha huacha machicha yanayokwaruza. Andaa vikombe vitatu: cha kwanza kijiko kimoja cha kahawa kwa vijiko vinane vya maji ya moto, cha pili kimoja kwa vinne, cha tatu kimoja kwa kimoja na nusu. Usitie sukari.

Paka kikombe chepesi kwanza kila mahali isipokuwa pale unapotaka weupe, acha ikauke kabisa, ndipo uingie na cha pili, kisha cha tatu. Ukiharakisha, kahawa ya juu itayeyusha ya chini na utapata doa la tope. Ile nzito itumie mahali padogo tu, kwa sababu ikikaa nene hubaki inanata, na masika yakija inavuta ukungu. Picha ya kahawa itundike mbali na jua.

Mbinu ya tatu: rangi za maji

Hapa ndipo mtu hukata tamaa, kwa hiyo niseme mapema: tatizo huwa karatasi kabla ya mkono. Karatasi nyepesi hujikunja na kunywa rangi. Ukiweza kupata karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nunua hata moja, uikate vipande vinne. Ibandike pande zote nne juu ya ubao kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ule wanaotumia mafundi rangi kuzuia kingo za madirisha.

Kwenye rangi za maji nyeupe ni karatasi yenyewe. Ukishaifunika, hairudi. Kwa hiyo fikiria kinyumenyume: amua weupe ubaki wapi, halafu ulinde. Mshumaa mweupe wa kawaida unalinda vizuri kuliko vitu vingi vya dukani. Noa ncha yake kwa kisu, chora uti wa jani na mishipa michache, ukikandamiza. Hutaona kitu. Kisha lowanisha umbo la jani kwa maji safi, dondosha njano upande wa jua na kijani chenye bluu upande wa pili, uinamishe ubao zikutane zenyewe. Nta inakataa maji, na mishipa inajitokeza myeupe kana kwamba jani limeota pale mezani. Mara ya kwanza kuliona hilo niliita mama aje atazame.

Rangi hizi zikikauka hupauka, basi paka iliyokolea kidogo kuliko unavyotaka. Na kwa Moshi mwezi wa Januari na Februari, joto linakausha maji kabla hujamaliza jani moja. Chora kabla ya saa mbili asubuhi, au lowanisha karatasi mara mbili.

Mbinu ya nne: akriliki juu ya marekani

Hii ndiyo nimekaa nayo muda mrefu zaidi, na ndiyo ningekushauri uiwekee akiba.

Kanvasi ya kununua si lazima. Marekani nzito, kile kitambaa cha pamba ambacho hakijapaushwa, inatosha kabisa. Mwombe seremala akukatie mbao nyembamba za inchi moja kwa mbili na kuziunganisha kuwa fremu ya sentimita 40 kwa 50, kona ziwe mraba. Pima mwenyewe kutoka kona hadi kona, vipimo viwili vya mshazari vilingane. Kata kitambaa kizidi fremu sentimita 6 kila upande. Piga msumari mdogo wa kwanza katikati ya upande mmoja, vuta, piga wa pili katikati ya upande unaoelekeana nao, kisha pande mbili zilizobaki, ndipo uende ukielekea kwenye kona. Anayeanzia kona anapata mikunjo isiyotoka. Fuata uzi wa kitambaa, usiende mshazari, la sivyo kitalegea. Hilo nalijua kwa sketi, na kwa picha ni vile vile.

Punguza gundi nyeupe ya mbao kwa maji iwe kama maziwa, upake kitambaa kizima. Marekani itajikaza yenyewe ikikauka. Kisha paka rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili, kila mara ukisugua kidogo kwa msasa laini ikishakauka. Sasa una mahali pa kuchorea.

Nunua rangi tano tu: nyeupe, njano, nyekundu, bluu na nyeusi. Usinunue kijani. Kijani cha kopo kinakudanganya kwamba kazi imekwisha, wakati kazi yote ya mgomba ni kutengeneza kijani. Hivi ndivyo ninavyovipata vyangu:

- Njano na bluu kidogo: jani changa, lile linalotoka limesokotwa katikati ya mgomba.
- Njano na nyeusi kidogo sana: kijani cha zeituni, kizuri kwa majani yaliyokomaa. Wengi hawaamini mpaka wajaribu.
- Kijani chochote na tone la nyekundu: kivuli. Nyekundu inauzima ukali wa kijani bila kukifanya cheusi.
- Bluu, nyeupe na chembe ya kijani: pale jani linapoakisi anga.
- Njano, nyekundu, nyeupe na doa la nyeusi: majani makavu yanayoning'inia kama sketi kuzunguka gogo.

Ili ujue umepatia, fanya kama mshonaji anayetafuta uzi wa kitambaa cha mteja. Hatuangalii uzi dukani chini ya taa. Tunatoka nao nje, tunaulaza juu ya kitambaa. Paka doa la rangi kwenye ukanda wa karatasi, subiri likauke, nenda ulilaze juu ya jani lenyewe. Lisubiri, kwa sababu akriliki ikikauka inakolea kidogo. Mimi nina kanda zaidi ya thelathini, nimeandika nyuma ya kila moja nilichanganya nini na ilikuwa saa ngapi. Zimenisaidia kuliko picha zenyewe.

Akriliki inakauka ndani ya dakika chache, na kwenye joto ni haraka zaidi. Usiminye nyingi. Tandika kitambaa kilicholowa kwenye sahani, juu yake karatasi ya kuokea, ndipo uweke rangi. Itabaki mbichi muda mrefu. Brashi isikauke na rangi hata mara moja, ikikauka umeipoteza. Paka kwanza giza na umbo kubwa, malizia na mwanga. Nyuma ya mgomba weka rangi zilizopauka zenye bluu. Utaona kihamba kinarudi nyuma na mgomba unasogea mbele.

Mbinu ya tano: rangi ya mafuta ya kopo

Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukasema rangi ya mafuta, watakupa ile ya kung'aa ya milango na mageti. Hiyo ndiyo ninayoizungumzia hapa, si ile ya tyubu ya wachoraji. Edward Saidi Tingatinga alianza nayo mwaka 1968 jijini Dar es Salaam, juu ya hadibodi za mraba, na ingawa alifariki mwaka 1972, staili aliyoiacha inabeba jina lake mpaka leo. Nenda ukatazame kwa makini picha za mafundi wa staili hiyo kwenye maduka ya sanaa ya Moshi na Arusha. Zisogelee. Angalia jinsi mstari mmoja unavyoanza mnene na kuisha mwembamba bila brashi kuinuliwa.

Kata hadibodi ya sentimita 30 kwa 30, tumia upande laini. Paka rangi ya nyuma, iache mpaka kesho yake. Chora umbo la mgomba, lijaze kwa rangi bapa, iache tena. Siku ya tatu ndiyo ya mistari na nukta, na hapa uvumilivu ndiyo mbinu yenyewe: mishipa ya jani, mmoja baada ya mwingine, kwa brashi nyembamba, ukivuta kwa bega wala si kwa kidole. Mbinu hii haina vivuli vya taratibu. Inakulazimisha uamue: huu ni mstari au si mstari. Baada ya miezi ya kuchanganya kijani na kijani, uamuzi huo ulinipa nguvu mpya.

Fanyia kazi nje au mlango ukiwa wazi, maana harufu yake na ya thina si salama chumbani. Chagua kopo lililoandikwa kwamba halina madini ya risasi. Osha brashi kwa mafuta ya taa, halafu sabuni.

Na kosa moja usilirudie. Akriliki juu ya rangi ya mafuta haishiki. Niliwahi kusahihisha jani kwa akriliki juu ya hadibodi ya mafuta. Ilikaa vizuri wiki kadhaa, kisha ikaanza kubanduka kipande kwa kipande kama ganda la ndizi iliyochemshwa. Mafuta juu ya akriliki iliyokauka inawezekana, kinyume chake hapana.

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, picha zote zitoe ukutani kidogo, ziwe na nafasi ya hewa nyuma. Nilipoziegemeza zangu moja juu ya nyingine kwenye kona yenye unyevu, nne zilipata ukungu, na mbili kati ya hizo hazikufutika.

Mbinu ya sita: chapa na utomvu

Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa ili machipukizi yapate nafasi. Wa kwetu ulikatwa Jumamosi moja. Mkungu ukaenda kwenye mtori na kwa majirani, gogo likakatwakatwa kwa ajili ya ng'ombe, nami nikaomba niachiwe majani mawili na kipande cha gogo cha urefu wa mkono.

Chukua kikonyo cha jani, kile kinachoshika jani na gogo, ukikate mkato mmoja kwa kisu kikali sana. Utaona umbo la mwezi mchanga, na ndani yake vyumba vidogo vidogo vya hewa vilivyopangwa kama sega la nyuki. Geuza kichwa chini kwenye kitambaa kikavu kwa dakika kumi, maji yachuruzike. Uso ukiwa umelowa chapa itaharibika. Kisha pakaa akriliki nzito kwa kipande cha sponji, nyembamba kabisa ili vyumba visizibe, ukandamize kwenye karatasi wima, bila kutelezesha. Chapa mbili za kwanza zitakuwa na rangi nyingi mno. Ya tatu na ya nne ndizo nzuri. Mkato mmoja unatoa kama kumi, halafu kata upya sentimita moja nyuma. Jaribu na gogo pia: linatoa matao makubwa yaliyokumbatiana.

Wakati unakata, kinga utomvu kwenye glasi. Kila mshonaji wa hapa anayachukia madoa ya mgomba, kwa sababu hakuna sabuni inayoyatoa. Kwa mchoraji doa lisilotoka ni rangi. Chukua marekani ambayo haijapakwa kitu, na brashi ya bei nafuu ambayo hutaitaka tena, uchore kwa utomvu ungali mbichi. Utakuwa kama unachora kwa maji. Huoni ulikopita, inabidi mkono ukumbuke. Nilichora jani la tatu, lile lililochanika, nikaanika kitambaa juu ya kamba jikoni kwa mama. Jioni kulikuwa na kivuli hafifu cha manjano. Jumapili iliyofuata nilipopanda, jani lilikuwa limeshatokea lote, la kahawia, na michaniko yake.